Je, Wajua? Paris ya Zamani na Maua ya Upande Wetu

Je, wajua kwamba marashi mengi yanayouzwa kwa sifa ya "Paris ya zamani" yanaanzia upande wetu wa dunia? Ua lake linachumwa Komoro, utomvu wake unagemwa Somalia, na kwa miaka mingi zabadi yake ilitoka Ethiopia. Paris iliweka ujuzi, chupa na jina. Hayo matatu si kidogo, lakini hayanukii.

Msomaji wa Lubondja anaijua safari ya parfumi kwa kipande chake cha mwisho tu: boti kutoka Kigoma hadi Baraka, au gari kutoka Uvira, kisha katoni inapandishwa barabara ya Fizi pamoja na sabuni na betri. Leo tunakitafuta kipande cha kwanza.

Je, wajua kwamba Chanel No. 5, marashi ya maua yanayojulikana kuliko yote, yalitoka mwaka 1921 na mtungaji wake alizaliwa Moscow? Aliitwa Ernest Beaux. Alichanganya asumini na waridi la Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa, akaongeza langilangi, kisha akamimina aldehaidi, kemikali za maabara zenye harufu kali ya usafi, kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Bi. Gabrielle Chanel aliletewa sampuli zenye namba, akachagua ya tano. Jina likabaki hapo hapo.

Chupa yake ilikuwa ya pembe nne, haina ua wala malaika. Wakati ule watengenezaji wengine walikuwa bado wanashindana kwa chupa za mapambo. Mistari iliyonyooka, kioo kitupu, herufi nyeusi: huo ndio mtindo ambao baadaye dunia iliuita Art Deco.

Jina hilo la mtindo lenyewe lilichelewa. Limetokana na maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925, lakini watu walianza kulitumia kwa wingi miaka ya 1960, wakati wengi wa waliouanzisha mtindo huo walikuwa wamekwisha kuzeeka au kufa.

Je, wajua kwamba kwenye maonyesho hayo ya 1925 kampuni ya Guerlain ilionyesha Shalimar, marashi yaliyoitwa kwa jina la bustani za wafalme wa Mughal wa India? Hadithi iliyouzwa pamoja nayo ni ile ya Shah Jahan na mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 na kujengewa Taj Mahal. Angalia basi: watu wa 1925 walinunua chupa ili wanuse karne ya 17, na sisi leo tunanunua chupa ileile ili tunuse 1925. Biashara ya manukato imekula mtaji wa kutamani ya jana kwa muda mrefu sana, na haijapata hasara bado.

Ndani ya Shalimar mna limau la bergamoti, asumini, waridi, na chini kabisa vanila nzito pamoja na opoponaksi, utomvu mtamu wa mti wa jamii ya manemane ambao Wasomali huugema kwao. Joto lile analolisikia mtu shingoni saa tatu baada ya kujipulizia linatokana na vitu hivi vya chini. Maua ndiyo yanayosalimia mlangoni. Utomvu ndio unaobaki kulala.

Sasa tukae kidogo na langilangi, kwa sababu ndilo ua lenye haki ya kusemewa.

Je, wajua kwamba mlangilangi ukiachwa unapanda mita kumi na tano na zaidi, lakini mashambani Komoro utaukuta umefika kifuani mwa mtu tu? Wakulima huukata kilele ungali mdogo na kuinamisha matawi yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka mti unakuwa umepindapinda na wachumaji wanafikia ua kwa mkono. Asili ya mti huo ni visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Wafaransa waliueneza Komoro, Mayotte na Nosy Be, kule Madagaska, wakati viwanda vya Grasse vilipokuwa vinahangaika kutafuta maua ya bei nafuu.

Ua likiwa changa ni la kijani na halina thamani. Likigeuka manjano ndipo mafuta yanakuwa tayari, na huchumwa alfajiri kabla jua halijachukua sehemu yake. Wachumaji wengi ni wanawake. Linatakiwa liingie mtungini siku hiyohiyo, likilala, limeharibika.

Kilo moja ya mafuta inahitaji karibu kilo hamsini za maua. Mafuta hayo hayatoki yote kwa mpigo mmoja wala kwa bei moja. Yale ya saa za mwanzo huitwa "extra", ndiyo mepesi na yenye maua zaidi, na hayo huenda kwenye chupa za gharama. Mvuke ukiendelea, yanatoka ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, mazito zaidi, na hayo ya mwisho huishia kwenye sabuni. Kwa hiyo inawezekana kabisa mama mwenye chupa ya Paris na jirani yake mwenye kipande cha sabuni wananukia mti mmoja, tofauti ni saa waliyofunguliwa bomba.

Komoro ndiyo nchi inayotajwa kwanza duniani kwa mafuta haya, na kisiwa cha Nzwani ndicho chenye mashamba mengi. Bei ya utajiri huo inaonekana milimani: mitungi ya kukenekea inachemshwa kwa kuni siku nzima na zaidi, na misitu ya Nzwani imepungua sana. Anayejua jinsi makaa yanavyokula miti ya Fizi hahitaji kuelezwa.

Wanawake wa Komoro na Zanzibar hawakungoja Paris iwafundishe ua la kunukia ni la nini. Pwani ya Waswahili kuna kikuba: kifungu kidogo cha asumini, mrehani, waridi na maua mengine ya kunukia, kinachobandikwa kifuani au kwenye nywele. Kinadumu usiku mmoja. Hakuna chupa, hakuna tangazo, na kesho asubuhi kinatupwa.

Je, wajua kwamba karafuu ni ua? Ni kichipukizi kilichochumwa kabla hakijafunguka, kikaanikwa juani mpaka kikawa cheusi-kahawia. Mkarafuu ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Mascarene, na dhoruba ya 1872 ilipoangusha miti ya Unguja, Pemba ikashika usukani na haijauachia hadi leo.

Makonyo yake, yaani vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu, hayatupwi. Kule Wawi, karibu na Chake Chake, kiwanda cha serikali huyakeneka mafuta.

Kilichomo humo kinaitwa eugenoli, na hapa hadithi inanoga. Wafaransa wanapenda ua wanaloliita œillet, lenye harufu ya joto iliyokaribia viungo. Ua hilo hutoa mafuta kidogo mno, hayawezi kuendesha kiwanda. Watungaji wakagundua kwamba ukichukua eugenoli, ukaizungushia waridi na vanila, pua inaapa kwamba imenusa œillet. Bellodgia ya kampuni ya Caron, ya mwaka 1927, ilijengwa juu ya harufu hiyo. L'Air du Temps ya Nina Ricci, ya mwaka 1948, nayo ina œillet katikati yake. Bustani ya Ulaya, kumbe shina lake ni kiungo cha pilau.

Na si hilo tu. Kuanzia mwisho wa karne ya 19, kwa miongo kadhaa, viwanda vya Ulaya vilitengeneza vanilini, harufu ya vanila, kutokana na eugenoli hiyohiyo ya karafuu. Mtu aliyefikiri ananusa vanila ya Meksiko huenda alikuwa ananusa karafuu iliyobadilishiwa nguo maabara.

Halafu kuna lumbalumba. Jani hilo ambalo wamama wa Kongo huchemsha kwa homa na kikohozi ni ndugu wa mrehani, na baadhi ya aina zake zimejaa eugenoli. Ukilifikicha kiganjani na kunusa, umefika nusu ya njia kuelekea 1927.

Je, wajua kwamba vanila yote inayolimwa Afrika ina deni kwa mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili? Mwaka 1841, kisiwani Réunion, Edmond Albius alionyesha jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Kabla ya hapo mmea ulipandwa, ukachanua, lakini haukuzaa, kwa kuwa nyuki wa kwao Meksiko hakusafiri nao. Ua hufunguka siku moja tu. Mpaka leo, Madagaska, Komoro, Uganda na hapa kwetu Kongo, Kivu Kaskazini na Ituri, kila ganda la vanila limepita mkononi mwa mtu aliyeirudia ishara ile. Albius aliachiwa huru mwaka 1848 na akafa maskini mwaka 1880.

Nchini Uganda serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna vanila, ili wezi wasikate maganda mabichi usiku. Mafuta ya langilangi hayana shida hiyo; mwizi wa maua angehitaji mtungi.

Wakenya wa magharibi wana mzizi wanaouita mukombero, Waganda wanauita mulondo, na ukiutafuna unanukia vanila. Bado sijaona mtengeneza marashi mkubwa aliyeufanya sifa ya chupa yake. Nafasi iko wazi.

Tuhame maua kidogo, twende kwenye enzi yenyewe.

Je, wajua kwamba kabla ya Art Deco kulikuwa na Art Nouveau, mtindo wa mistari iliyojipinda kama mizabibu, na kwamba Ubelgiji mtindo huo uliwahi kuitwa "Style Congo"? Jina hilo halikuwa la heshima tupu. Mwaka 1897 Mfalme Léopold II alifanya maonyesho ya koloni lake Tervuren, nje ya Brussels. Wasanii wakubwa wa siku hizo, akina Henry van de Velde na Paul Hankar, walipamba kumbi kwa mbao ngumu za Kongo, na wachongaji walipewa pembe za ndovu za Kongo ili wazichonge. Philippe Wolfers, sonara, alitengeneza kazi za pembe ambazo hadi leo watu hulipa kiingilio kuzitazama.

Wakongo 267 walipelekwa huko kuonyeshwa kwa watazamaji. Saba walifariki, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren.

Pembe hizo zilitoka wapi? Kwa miaka mingi pembe za Maniema zilibebwa mabegani hadi Ziwa Tanganyika, zikavuka kwa mitumbwi na majahazi mpaka Ujiji, zikaendelea Tabora na Bagamoyo, ndipo Zanzibar. Ni njia hiyohiyo iliyotuletea Kiswahili tunachosoma sasa. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kati ya majeshi ya Léopold na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, mkondo uligeuzwa: pembe zikashuka Mto Kongo kuelekea Antwerp. Art Nouveau ya Brussels ilikuwa na malighafi ya kutosha kwa sababu hiyo. Ukiona chupa yenye mapambo ya mizabibu na maandishi ya kusifu "enzi nzuri", kumbuka uzuri huo ulikuwa wa nani na mzigo ulikuwa wa nani.

Na miaka ya Art Deco? Wachoraji wa Paris walikuwa wamekwisha kukaa mbele ya vinyago vya Kiafrika. Picasso alikuwa ameingia makumbusho ya Trocadéro mwaka 1907. Vinyago vya alunga vya Babembe, vyenye nyuso mbili, ni miongoni mwa kazi ambazo leo zimewekwa nyuma ya vioo Ulaya na Marekani. Mwaka uleule wa 1925, Josephine Baker alipanda jukwaani Paris na mji ukapagawa. Kati ya 1924 na 1925 magari ya Citroën yalivuka Afrika kutoka Algeria, yakapita Kongo, na picha ya mwanamke wa Kimangbetu aliyeitwa Nobosodru ikawa alama ya mitindo. Afrika ilikuwa ukutani, jukwaani na kwenye chupa. Kwenye faida haikuonekana.

Haraka haraka sasa:

Zabadi, ute wa ngawa wa Ethiopia, ulisafirishwa ndani ya pembe za ng'ombe. Ukiunusa peke yake utakimbia. Tone dogo ndani ya maua huyapa joto la mwili. Kampuni ya Chanel ilisema kwamba tangu mwaka 1998 imeacha kutumia zabadi ya mnyama.

Asumini ina indoli, kitu kinachopatikana pia kwenye kinyesi. Ukiiondoa yote, ua linanuka plastiki.

Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na kuelea hadi ufukweni. Al-Mas'udi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliisifia ambari ya pwani ya Zanj, miaka elfu moja kabla ya Chanel.

Msandali wa Afrika Mashariki uliibwa porini kiasi kwamba Kenya iliupiga marufuku mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES.

Versailles kuna ghala la marashi yaliyokufa. Linaitwa Osmothèque, lilifunguliwa mwaka 1990, na linahifadhi marashi ya zamani gizani, kwa nyuzi joto 12, chini ya gesi ya agoni ili hewa isiyaguse. Ni muhimu, kwa kuwa chupa mpya yenye jina la 1925 si lazima iwe na harufu ya 1925. Sheria za mzio zimepunguza vitu kadhaa, isoeugenoli mojawapo, na watungaji wamelazimika kushona upya.

Je, wajua kwamba mtoto wa Sultani wa Zanzibar aliandika kitabu chenye udi, maua na manukato ya kasri la baba yake, akiwa Ujerumani? Sayyida Salme alizaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844, akatoroka mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1886. Alifariki mwaka 1924, mwaka mmoja kabla ya maonyesho ya Paris. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuzia watu harufu ya enzi iliyopita, ni yeye, ila hakuna aliyemwomba.

Ukoo wake wa Al Busaid ndio unaotawala Oman, na huko ndiko yalikozaliwa marashi ninayoyaona kuwa jibu zuri zaidi la upande huu kwa Paris. Amouage ilianzishwa Muscat mwaka 1983 kwa matakwa ya Sultani Qaboos. Walimwita Mfaransa, Guy Robert, wakampa ubani wa Dhofar na waridi, wakamwambia asihesabu gharama. Yakatoka marashi ya Gold: maua mazito yenye joto, yaliyopangwa kwa ufundi wa Kifaransa wa zamani, lakini ubani ni wa hapo hapo. Muscat ni mji ambao unaweza kusikia Kiswahili dukani bila kukitafuta, tangu watu waliporudi kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Tofauti na Paris ya 1925, safari hii mwenye malighafi ndiye aliyelipa fundi.

Mambo machache ya kukufaa wewe mwenye chupa moja mezani. Usiiweke dirishani wala juu ya kabati karibu na bati. Jua na joto huua maua kwanza, na kinachobaki ni spiriti na vanila iliyochoka. Usisugue viganja baada ya kujipulizia, utafukuza harufu za mwanzo. Nguo huhifadhi harufu muda mrefu kuliko ngozi, ila kitenge cheupe kinaweza kupata doa. Na mtu akikuuzia "extra ya Paris" kwa bei ya sabuni, amekuuzia sabuni.

Jambo la mwisho liko kwenye katoni. Kwa sheria ya Ulaya, tangu mwaka 2005 viambato kadhaa vya manukato vinavyoweza kuleta mzio lazima viandikwe kwa majina. Kwa hiyo, ukisimama sokoni Baraka au Lubondja, igeuze katoni na usome maandishi madogo kabla hujatoa pesa. Ukiona Eugenol, hapo ipo harufu ya karafuu, iwe imetoka mkonyoni au maabara. Ukiona Cananga odorata, hilo ni langilangi. Waambie na wenzako wasome.